Miche Mirefu Si Miche Yenye Nguvu

Labda unakaa Mbagala, Chamazi, Bunju au Mabwepande. Umepanga chumba, na ua ni wa watu wote. Kuku wanapita. Mbuzi wanapita. Watoto wanacheza mpira. Basi umeona ni heri kusia mbegu zako za nyanya ndani ya nyumba, katika kopo. Umefanya vizuri. Lakini baada ya wiki mbili unatazama, na miche imekuwa mirefu na myembamba kama njiti. Rangi yake imepauka. Imelalia upande mmoja. Ukiigusa inaanguka.

Jirani akipita anasema, "Loo, inakua haraka!" Sivyo. Miche hiyo ina njaa.

Pengine utauliza, mambo ya miche yanatafuta nini katika ukurasa wa afya? Yanatafuta watoto wako. Mtoto asiyekula mboga za majani ya kijani kibichi, wala matunda ya rangi ya manjano kama papai na embe, anaweza kupungukiwa na vitamini A. Macho yake yanaanza kushindwa kuona jioni giza linapoingia. Akipata surua au kuhara, anaumwa zaidi kuliko wenzake. Ni kweli kwamba kliniki hutoa matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, mara mbili kwa mwaka. Mpeleke mtoto akapate. Lakini matone hayachukui nafasi ya chakula. Mama mjamzito naye anahitaji mboga ili damu yake isipungue. Na sote tunajua mambo ya mwisho wa mwezi: fedha ikipungua, mboga ndiyo inayoachwa kwanza. Sukuma wiki tano zilizo mlangoni kwako hazingoji mshahara.

Mwaka 1975 kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kulima. Siku hizi eneo la kulima mjini limekuwa dogo. Lakini kopo bado lipo.

Sasa turudi kwenye njaa ya mche. Mbegu ina akiba ndogo ya chakula ndani yake. Akiba hiyo inatosha kuutoa mche udongoni na kuufikisha siku chache tu. Baada ya hapo mche lazima ujipikie wenyewe. Jiko lake ni jani, na moto wake ni mwanga wa jua. Maji na hewa peke yake havitoshi. Mche ukikosa mwanga, hutumia nguvu yake yote kurefusha shina ili uutafute mwanga uliko. Haujengi shina nene. Haujengi mizizi. Ndiyo maana unarefuka.

Joto huzidisha tatizo. Chumba chenye paa la bati kina joto usiku kucha. Joto linauambia mche, "Kua!" Giza linaunyima chakula cha kukulia. Mbolea ya chumvichumvi nayo haisaidii hapo. Ukiupa urea mche ulio gizani, utarefuka zaidi na kuwa laini zaidi.

Utasema, "Lakini chumba changu kina mwanga." Macho yetu yanatudanganya. Jicho la mtu huzoea mwanga mdogo, jani haliwezi. Fanya jaribio hili. Saa sita mchana, weka mkono wako juu ya kopo, kimo cha shubiri moja. Tazama kivuli chake. Kama unaona vidole vyako wazi, mwanga unatosha. Kama kivuli ni ukungu tu, au hakipo, hapo si mahali pa miche.

Mahali pazuri ni barazani au dirishani upande wa mashariki, panapopigwa na jua la asubuhi. Jua hilo si kali. Tena kumbuka kwamba jua la Dar es Salaam linahama. Kuanzia Machi mpaka mapema Oktoba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Kuanzia katikati ya Oktoba mpaka Februari hupita upande wa kusini. Baraza iliyopata jua mwezi wa Juni inaweza kuwa na kivuli mwezi wa Desemba. Kwa hiyo usiseme, "Mwaka jana nililiweka hapahapa." Lihamishe kopo lifuate jua.

Kosa linalowapata wengi ni lile la kufunika. Mbegu za nyanya hufukiwa kina cha sentimita moja hivi, kisha hufunikwa kwa nyasi au kipande cha gunia ili udongo usikauke. Hilo ni sawa, maana zikiwa chini hazihitaji mwanga. Lakini baada ya siku 5 mpaka 8 huanza kuchomoza. Siku ileile unapoona vichwa vya kwanza, ondoa kifuniko. Usingoje zote zitoke. Mimi niliwahi kusafiri siku mbili tu na kuacha gunia juu. Niliporudi nilikuta nyuzi nyeupe. Nilizimwaga, nikaanza upya.

Kosa la pili ni ubahili. Mtu anamimina mbegu nyingi katika kopo moja, na zikiota hataki kung'oa hata mche mmoja. Miche iliyobanana hutiliana kivuli. Kila mmoja hurefuka ili umpite mwenzake, na yote inadhoofika. Ng'oa, acha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya mche na mche. Au pandikiza kila mmoja katika kikombe chake. Jani la mgomba lililokunjwa na kubanwa kwa kijiti hutoa kikombe kizuri kisicho na gharama. Mchicha hauhitaji kazi hii yote. Huo sia palepale utakapovunwa.

Kuhusu makopo, sikiliza vizuri. Dumu la mafuta ya kula lililokatwa linafaa. Kopo lililokuwa na dawa ya wadudu halifai, hata ukiliosha mara kumi. Kopo la rangi nalo liache. Toboa matundu chini kwa msumari wa moto ili maji yatoke. Lakini usiweke sahani chini yake na kuacha maji yatuame. Mbu wanaoeneza homa ya dengi huzaliana katika maji kidogo kama hayo, karibu kabisa na nyumba, na huuma mchana. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Mwaga maji ya sahani kila siku.

Udongo wa huku kwetu una mchanga mwingi. Changanya mafungu mawili ya udongo na fungu moja la samadi iliyooza kabisa, isiyo na harufu. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi. Mwagia mchanganyiko huo maji yanayochemka, kisha uache upoe kabla ya kusia. Maji hayo ya moto hupunguza vijidudu vya kinyausi, yaani ule ugonjwa unaofanya shina lioze usawa wa udongo na mche kuanguka. Kinyausi hupenda miche iliyobanana na udongo ulioloa daima. Kwa hiyo mwagilia asubuhi, si usiku, na umwagilie pale tu udongo wa juu unapokauka. Tumia maji safi, au maji uliyooshea mchele. Maji ya Mto Msimbazi yasitumike kabisa kwa mboga, kwani mto huo hupokea maji machafu ya vyoo na ya viwanda.

Mbegu za dukani mara nyingi zimepakwa dawa yenye rangi. Mtoto asizichezee. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kuzishika.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulicheka wakilisikia. Papasa miche yako. Pitisha kiganja taratibu juu ya ncha zake, mara chache asubuhi na jioni. Huko nje upepo huitikisa miche, na kutikiswa ndiko kunakoifanya iwe mifupi na minene. Ndani hakuna upepo. Kiganja chako kinafanya kazi ya upepo.

Na miche iliyokwisha kurefuka? Ya nyanya ina dawa. Ihamishe kwenye mwanga polepole, kisha wakati wa kupandikiza izike ndani zaidi, hadi karibu na majani ya chini. Shina la nyanya likifukiwa hutoa mizizi. Sukuma wiki na kabichi unaweza kuzizika mpaka usawa wa majani yale mawili ya kwanza, usizidishe. Bilinganya na pilipili hoho zilizorefuka sana, heri usie tena. Wiki moja ya kuanza upya ni nafuu kuliko miezi mitatu ya kungoja mmea usiozaa.

Miche ikiwa na majani halisi manne mpaka sita, yaani wiki nne hivi kwa nyanya, usiitoe ghafla juani. Siku ya kwanza iweke nje kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tatu, kisha irudishe. Siku ya pili ongeza saa moja au mbili. Endelea hivyo kwa wiki nzima, huku ukipunguza maji kidogo bila kuiacha inyauke. Pandikiza jioni, jua likiwa limepoa.

Na siku utakayovuna majani ya sukuma wiki, yaoshe kwanza ndipo uyakate. Usiyapike mpaka yakapondeka, na tia mafuta kidogo, maana vitamini A huingia mwilini vizuri ikiwa pamoja na mafuta. Kamulia limau mezani. Chai ya rangi ingoje kidogo, kwani ukiinywa pamoja na chakula huzuia madini ya kuongeza damu yasiingie mwilini.