Haut-Katanga: Gitaa ya vidole viwili, ufundi ambao sikio peke yake haliwezi kuuokoa

Kipushi, mji wa mgodi ulio kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, mpakani na Zambia, unajulikana kwa shaba na zinki. Mgodi wake ulisimama mwaka 1993, ukaanza tena kutoa madini mwaka 2024. Lakini miji ya migodi ya Katanga ilitoa pia mali isiyopimwa kwa tani: namna yake ya kupiga gitaa. Hiyo haina kampuni ya kuifufua.

Jina la kwanza hapa ni Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta Jadotville, Likasi ya leo. Wimbo « Masanga » ulitoka kwenye sahani, ukasikika Nairobi, Johannesburg na Ulaya. Mwaka 1969 Mwenda alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Wengi wanaosikia « Masanga » mara ya kwanza wanadhani wapigaji ni wawili. Ni mtu mmoja, tena mkono wake wa kuume unatumia vidole viwili tu. Kidole gumba kinashika nyuzi nene, kinatembea bila haraka kama mtu anayekwenda kazini. Kidole cha shahada kinacheza kwenye nyuzi nyembamba, mara nyingi kikiingia kati ya hatua mbili za gumba. Ugumu wote uko hapo. Anayeanza akitaka kupiga vidole vyote pamoja, mkono unajifunga. Afadhali gumba lizoeshwe peke yake mpaka lijiendeshe, ndipo kile kingine kiongezwe, pole pole.

Kuhusu kupanga sauti, hakuna uchawi. Kutoka uzi mnene hadi mwembamba ni mi, la, re, sol, si, mi, kama gitaa nyingine zote. Mwimbaji akiona sauti iko chini kwake, anafunga kalamu ya risasi juu ya nyuzi kwa mpira, anaisogeza kwenye shingo ya gitaa, na vidole vinabaki na njia zao zilezile. Kinshasa walichukua njia nyingine: « mi-composé », ambayo wengi wanasema ilianzishwa na Docteur Nico. Uzi wa re unatolewa, mahali pake panawekwa uzi mwembamba unaotoa re ya juu. Katanga haikuhitaji kubadilisha uzi. Kazi yote ilibaki mkononi.

Hata pasipo gitaa ya dukani, watu hawakukaa kimya. Karindula, ile banjo kubwa ya huku kwetu, inatengenezwa kwa fûti la mafuta, ngozi ya mbuzi, nyuzi nne na mfuko mtupu wa maziwa ya unga. Mwaka 2011 kampuni ya Ubelgiji, Crammed Discs, ilitoa rekodi za muziki huo zilizofanyiwa Lubumbashi. Mwenye kuidharau kwa sababu ya fûti hajaisikiliza.

Shida iko wapi, kama rekodi zipo? Chukua mi ya juu. Unaipata kwenye uzi wa kwanza bila kugusa shingo, kwenye uzi wa si ukibonyeza nafasi ya tano, au kwenye uzi wa sol nafasi ya tisa. Noti ni ileile, ila mkono ni tofauti, na noti inayofuata itakuwa nyepesi au ngumu kulingana na uzi uliochagua. Sahani haisemi uzi gani.

Ndiyo sababu Mwingereza John Low, aliyezijua rekodi hizo, alifunga safari mwishoni mwa miaka ya 1970 kuja kuwatafuta Mwenda, Losta Abelo na Edouard Masengo, akae mbele yao atazame vidole. Kitabu chake, « Shaba Diary », kilitoka mwaka 1982. Mwenda alifariki mwaka 1990 katika ajali ya barabarani Zambia.

Rekodi za Tracey zinatunzwa Makhanda, Afrika Kusini, kwenye chuo kikuu cha Rhodes. Kwa mikono ya wazee ambao bado wanapiga hivyo, simu inatosha. Ila kamera isikazane na uso wa mwimbaji. Ishuke kwenye mkono wa kuume, halafu kwenye shingo ya gitaa, na mzee aombwe kurudia wimbo huohuo taratibu.