Depite akiacha chama chake, kiti ni cha nani?

Mara nyingi walimu wa dini waulizwa na watu: «Depite tuliyemchagua ameingia katika upande mwingine. Je, ana ruhusa? Kiti ni chake, ama ni cha chama?» Swali hili si dogo. Tulijibu kwa utaratibu, pasipo hasira wala upendeleo.

1. Sheria yasema nini?

Katiba ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, ina vifungu viwili juu ya jambo hili. Kifungu cha 110 chasema kwamba depite au seneta anayeacha chama chake kwa kusudi, kabla ya muda wa Bunge kwisha, ahesabiwa kuwa amekataa kazi aliyoipata kwa njia ya chama hicho. Lakini kifungu cha 101 chasema kwamba depite ni mjumbe wa taifa, na agizo lolote la kumfunga katika kazi yake ni bure. Hivi, kifungu kimoja chamfunga kwa chama. Kingine chamwachia uhuru wa dhamiri.

2. Sababu za pande mbili

Kwa nini kumfunga? Kwanza, kwa ajili ya namna ya kuchagua. Mahali penye viti vingi, kura za wagombea wote wa orodha moja zajumlishwa, ndipo orodha yapata viti vyake. Basi mara nyingi depite amepanda juu ya mabega ya wenzake walioshindwa. Pili, kiti kinachoweza kuhamishwa chaweza pia kupata bei.

Kwa nini kumwachia uhuru? Kwa sababu chama chaweza kuwa gereza. Wazee wetu wakumbuka miaka ya M.P.R., chama kimoja cha taifa zima hata 1990: hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

3. Mambo ya 2020 na 2021

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, muungano wa F.C.C. wa Joseph Kabila ulikuwa na viti zaidi ya 300 katika 500 vya Bunge la Taifa. Tarehe 6 Desemba 2020 Rais Félix Tshisekedi alitangaza mwisho wa mapatano yake na muungano huo. Siku nne baadaye wabunge walimwondoa mwenyekiti wao, Jeanine Mabunda. Mwezi wa Januari 2021 Korti ya Katiba ilieleza kwamba depite aweza kujiunga na wingi mpya bila kupoteza kiti chake. Tarehe 27 Januari wabunge 367 waliiangusha serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba. Wingi wa Bunge uligeuka, wala hapana raia hata mmoja aliyeitwa kupiga kura tena.

Tutofautishe basi mambo matatu: kuacha chama, kuacha muungano wa vyama, na kupiga kura kinyume cha wakubwa wa chama. Kifungu cha 110 chataja la kwanza tu. Ndiyo sababu wengi walipita mlangoni bila kuguswa na sheria.

4. Tuwajibu watu namna gani?

Lililoruhusiwa na korti si lazima liwe la haki mbele ya waliochagua. Tuwafundishe watu kumwuliza depite wao maswali matatu. Ulituahidi nini wakati wa kampanye? Ni nani aliyebadilika: chama kilichoacha njia yake, au wewe uliyeonyeshwa malisho mazuri zaidi? Tena, je, ulirudi kwetu kutueleza kabla ya kuhama, ama tulisikia kwa redio?

Anayeweza kujibu maswali haya wazi, huenda alifuata dhamiri yake. Asiyeweza, alichukua kura za watu kama mali yake.

Sisi si kazi yetu kusema chama gani ni chema. Kazi yetu ni kuwakumbusha watu kwamba ahadi ni deni, na kwamba deni hili mwenye kulidai si chama tu, bali kwanza ni wale waliosimama juani siku ya uchaguzi.