Mbwa Tusiowajua

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mbwa tusiowajua, wale tukutanao nao njiani, sokoni na langoni pa nyumba za watu. Sisi walimu tumekwisha kuona watoto wengi wakija shuleni na majeraha miguuni, na kila tulipowauliza, jibu lilikuwa moja: "Nilikimbia."

Basi neno la kwanza ni hilo: usikimbie. Mbwa ni mnyama wa kuwinda tangu asili, na kitu kikimbiacho humvuta akifukuze. Wala hapana mtu awezaye kumshinda mbio. Simama kama mti, mikono imetulia ubavuni, wala usimkazie macho, maana kwake huko ni kuchokozwa. Akiisha kukunusa na kuona huna neno, aghalabu atakwenda zake. Ndipo nawe uondoke polepole, pasipo kumpa kisogo. Akikuangusha, jikunje, ufiche uso na shingo.

La pili ni adabu. Mwungwana haingii nyumbani mwa mwenziwe asipopiga hodi, na hodi hiyo yamhusu mbwa pia, kwa kuwa ndiye mlinzi. Ngoja mwenyeji atoke amshike. Usimguse pasipo ruhusa. Wala usimsumbue alaye, alalaye, anyonyeshaye au aliyefungwa mnyororo. Tena watoto na waonywe wasimtupie mawe, maana mbwa aliyezoea mawe humdhania kila mpitaji kuwa adui.

La tatu ni ukiumwa. Kichaa cha mbwa hupita katika mate, hata kwa mkwaruzo mdogo. Hukaa kimya mwilini, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu. Lakini dalili zikiisha kuonekana, karibu hapana aponaye. Hata hivyo kinga ipo tangu mwaka 1885, hapo mtoto Joseph Meister, mwenye miaka 9, alipoumwa na mbwa, akapewa chanjo ya Louis Pasteur huko Ufaransa, naye akaishi. Basi osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo, muda wa dakika 15, kisha uende hospitali siku iyo hiyo. Usitie majani wala pilipili, wala usingoje kuona kama mbwa ataugua. Nanyi wenye mbwa, wapelekeni wachanjwe kila mwaka.

Neno la mwisho twawaambia wazazi na walimu wenzetu. Mtoto akija kusema ameumwa, asipigwe wala asikemewe, hata ikiwa yeye ndiye aliyemchokoza mbwa. Maana aogopaye fimbo huficha jeraha, na jeraha lililofichwa ndilo liuwalo. Mwosheni kwanza, mpelekeni kwa mganga wa hospitali. Mafundisho yatafuata baadaye.