KUTENGENEZA NYUMBA YA ZAMANI PASIPO KUONGEZA CHUMBA

Katika Kibiti na katika visiwa vya delta ya Rufiji, pale mto unapogawanyika matawi mengi kabla ya kuingia baharini, wako wengi waliorithi nyumba ya miti na udongo. Watoto wakizidi, neno la kwanza ni hili: "Tuongeze chumba." Lakini mara nyingi ni afadhali kuitengeneza nyumba iliyopo.

Kwanza, fikirini miti. Mkoko, msinzi na mkandaa ni miti migumu, wala mchwa hawaili upesi. Ndiyo sababu zamani majahazi yalipakia boriti za Rufiji kuzipeleka Arabuni. Lakini mikoko hiyo, ambayo ni karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, ndiyo malezi ya samaki na kamba, nayo huikinga pwani na mawimbi. Ni msitu wa hifadhi, haukatwi pasipo kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Kila chumba kipya chataka nguzo mpya, boriti mpya na fito mpya.

Pili, chumba cha kuegemeza kina ubaya wake. Maji ya paa kubwa hutiririka juu ya paa dogo, na pale penye kiungo ndipo panapovuja. Tena chumba hicho huziba dirisha la nyuma, na chumba cha zamani hukosa mwanga na hewa.

Basi kazi ianze juu. Paa bovu huozesha kila kilicho chini yake. Ezueni makuti yaliyochakaa, mwezeke mapya kwa kuyapandanisha karibu karibu. Paa lenye mteremko mkali humwaga maji upesi, na makuti hudumu zaidi. Upenu na utokeze mbali, ili mvua isipige ukuta.

Kisha tazameni miguu ya nguzo. Nguzo huoza hasa pale inapoingia ardhini, kwa kuwa pale unyevu na hewa hukutana. Sehemu ya juu yaweza kuwa nzima kabisa. Egemezeni paa kwa muhimili wa muda, mkate sehemu mbovu tu, mkaweke kipande kilichobaki juu ya jiwe imara. Kwa njia hii mti mmoja mzee huokoa mti mmoja msituni.

Ukuta uliopasuka ukandikwe kwa udongo uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwa. Msipake saruji juu ya udongo: saruji ni ngumu, hufungia unyevu ndani, kisha hubanduka vipande vipande. Na wale walioingiliwa na maji katika mafuriko ya Aprili 2024, ambayo yaliharibu nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti, wajue kwamba ukuta uliolowa hauna budi kukauka hata ndani kabla ya kusiribwa. Sakafu nayo yafaa kuinuliwa kwa udongo ulioshindiliwa. Wazee wa bondeni walijua siri hii; ndiyo maana madungu yao ya shambani yalisimama juu ya miguu mirefu.

Je, nafasi itatoka wapi? Fito kuukuu zilizo nzima zitengeneze kiambaza chepesi cha kugawanya chumba kikubwa. Kisifike paani, hewa ipate kupita. Boriti zilizosalia zifanye dari ya kuwekea nafaka na vyombo, na chumba kilichokuwa ghala kiwe cha watoto. Dirisha lipanuliwe kidogo, na chumba cha giza kitakalika.

Kazi hizi si za siku moja. Kagueni nyumba kila mwaka kabla ya masika, mtengeneze kidogo kidogo. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi wa pwani twaweza kuongeza: utajenga ukuta, na mikoko itapungua.