Kikapu cha Mjane Kinasubiri Njia

Mwandiga, barabara inapoelekea Manyovu na mpaka wa Burundi, biashara inayotangulia macho ni madumu ya mawese. Mawese yana mnunuzi kila siku, ila yanadai shamba, na mchikichi hukaa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa. Mjane aliyevushwa mpaka huo na vita vilivyoanza 1993, au aliyeikimbia Kongo mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa, hana shamba wala subira ya miaka hiyo. Ana nyasi na vidole. Ususi, ambao wengi wetu tumeuweka fungu la mapambo, kwake ni mtaji, na kinachomkwamisha si ujuzi. Semina zimetosha. Anachokosa ni njia ya kumfikia mnunuzi.

Tazama WomenCraft, iliyoanza Ngara mwaka 2007. Ilifanya kazi na wasusi wa Kirundi katika kambi ya Mtendeli, Kakonko, kabla kambi haijafungwa 2021, na bidhaa zikapata soko la nje kupitia MADE51, mpango wa UNHCR. Kikapu cha aina hii huanzia kitakoni: shada la nyasi huzungushwa kama kombe la konokono, likifungwa kwa ukanda mwembamba, mzunguko juu ya mzunguko. Mmoja ukilegea, ukingo hupinda, na kikapu kilichopinda hakipandi meli. Wapo wanaodai mteja wa mbali hununua huruma, nayo huchuja. Kikapu cha kwanza, labda. Lakini vikapu vya Gahaya Links ya Rwanda, vilivyosukwa na wajane wa mauaji ya kimbari ya 1994 pamoja na wake za wafungwa, viliingia maduka ya Macy's ya Marekani mwaka 2005, na duka la namna hiyo halirudii oda kwa sababu ya machozi. Linapima kimo na rangi.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama: mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na serikali ina haki ya kujua nani yuko wapi. Sawa. Basi msusi abaki, mnunuzi ndiye aingie siku ya gulio, aandikwe getini, atoke na mzigo wake. Masoko ya kambi yaliyowakutanisha wakimbizi na wanavijiji yalipofungwa, hasara haikuwa ya mkimbizi peke yake. Mama wa kijiji jirani aliyekuwa akimuuzia mihogo naye alirudi na fungu lake nyumbani.