Kifafa: Utafiti Uanzie Kijijini

Panapozungumzwa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, kilio kinachosikika kwanza ni uhaba wa mashine na madaktari bingwa. Kilio hicho kina haki yake, maana wapo wagonjwa wanaosafiri siku nzima kufuata kipimo ambacho familia zao hazina uwezo wa kukilipia. Lakini kwa kifafa, ugonjwa unaowapata watu wapatao milioni 50 duniani kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, karibu asilimia 80 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ushahidi wa miaka 60 kutoka Afrika Mashariki unaonyesha jambo jingine. Utafiti uliotufundisha mengi zaidi kuhusu nani anaugua, kwa nini anaugua na dawa gani inamfaa ulifanywa vijijini, na watu waliobeba madaftari na kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Nasema utafiti wa namna hiyo ndio unaostahili fedha na heshima ya kwanza, na kwamba wagonjwa wengi wanaendelea kuumia kwa sababu matokeo yake yamebaki kwenye makaratasi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall, alikuwa akiwatibu wenye kifafa katika milima ya Mahenge, wilaya ya Ulanga, mkoani Morogoro. Aliwakuta watu wenye makovu ya kuangukia moto wa jikoni, watu waliotengwa wakati wa kula kwa hofu kwamba mate ya anayeanguka huambukiza, na watoto ambao ugonjwa wao ulianza kwa kutikisa kichwa tu. Wenyeji walisema mtoto amesinzia kichwa. Makala yake kuhusu kifafa kwa Wapogoro ilichapishwa mwaka 1965. Dawa aliyoitegemea ilikuwa fenobabitoni, iliyoanza kutumika kwa kifafa nchini Ujerumani mwaka 1912. Yaliyofuata yana uzito zaidi. Yeye na daktari Mtanzania Henry Rwiza waliandika mwaka 1992 kilichowapata wagonjwa 164 wa kliniki ile katika muda wa miaka 30. Dawa iliwasaidia wengi, na baadhi yao waliacha kabisa kuanguka. Hata hivyo zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha kufariki, na vifo vingi vilitokana na kifafa chenyewe: kuzama majini, kuungua, au kushikwa na degedege lisilokatika. Hospitali ya mjini isingeweza kuyajua hayo, kwa sababu hospitali humwona mgonjwa anapofika. Haimwoni anapoacha kuja.

Mwaka huohuo Rwiza na wenzake walichapisha uchunguzi mwingine, uliofikia watu wapatao 18,000 katika vijiji 11 vya Ulanga. Kwa wastani, watu 10 hivi katika kila 1,000 walikuwa na kifafa. Wastani huo ulificha jambo kubwa. Kijiji kimoja kilikuwa na wagonjwa 5 katika kila 1,000, na kingine 37. Tofauti ya mara saba ndani ya wilaya moja haielezeki kwa laana ya ukoo, wala kwa urithi wa damu peke yake. Ilidokeza kwamba kuna kitu katika mazingira ya vijiji fulani kinachoumiza ubongo wa watoto. Baadaye, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, uliohesabu zaidi ya watu 580,000 Kilifi nchini Kenya, Iganga na Mayuge nchini Uganda, Ifakara nchini Tanzania, Kintampo nchini Ghana na Agincourt nchini Afrika Kusini, uliipata Ifakara ikiwa na kiwango cha juu kuliko maeneo mengine yote hayo: karibu watu 15 katika kila 1,000. Utafiti huo ulihusisha kifafa na matatizo wakati wa kuzaliwa, pamoja na vimelea kadhaa, ukiwamo mnyoo wa usubi na tegu la nguruwe.

Usubi unajulikana kwa kupofusha macho. Huenezwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, na Mahenge ni eneo lake la miaka mingi. Kwa muda mrefu wataalamu walishuku kwamba mnyoo huohuo unahusika na kifafa, na kwa muda mrefu wengine walikataa, kwa hoja ya maana kabisa: vitu viwili vinavyokutana kijiji kimoja si lazima kimoja kiwe mzazi wa kingine. Huenda umaskini ndio unaoleta vyote viwili. Huenda ni malaria kali, au uzazi usio salama mahali palipo mbali na kituo cha afya. Pingamizi hilo halijibiwi kwa kuhesabu wagonjwa wa leo tu. Linahitaji kujua nani alikuwa na minyoo kabla ya kuugua.

Jibu lilitoka Kamerun, na lilitoka kwenye madaftari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikuwa wamepima idadi ya vijidudu vya usubi kwenye ngozi za watoto wa bonde la mto Mbam, kwa sababu nyingine kabisa. Zaidi ya miaka 20 baadaye wenzao walirudi katika vijiji vilevile na kuuliza nani kati ya watoto wale amepata kifafa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba kadiri mtoto alivyokuwa na vijidudu vingi zaidi, ndivyo hatari yake ya kupata kifafa ilivyopanda. Minyoo ilitangulia, ugonjwa ukafuata, na kiasi cha kimoja kikaenda na kiasi cha kingine. Sidai kwamba kila kitu kimefahamika. Namna mnyoo huo unavyoudhuru ubongo bado inabishaniwa, na jaribio la dawa ya doksisaiklini kwa watoto wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa kaskazini mwa Uganda, lililoongozwa na Richard Idro wa Chuo Kikuu cha Makerere, halikuonyesha mabadiliko yaliyotarajiwa katika kinga za mwili zinazoshukiwa kushambulia ubongo. Jaribio lisilotoa jibu linalotamaniwa lina faida yake pia, kwa kuwa linawaokoa wazazi na matumaini ya uongo. Hata hivyo kuzuia hakungoji kila fumbo lifumbuliwe. Utafiti wa Mahenge uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kifafa bado kiko juu katika vijiji vya ndani baada ya miaka 20 ya kugawa ivermektini, dawa ya usubi, mara moja kwa mwaka. Kwa wazazi wa Mahenge hilo lina maana moja ya vitendo: mgao ule hautoshi, watu wengi zaidi wameze dawa, na pale panapowezekana wameze mara mbili kwa mwaka. Huko Maridi, Sudan Kusini, wanakijiji walifyeka majani kwenye bwawa ambako inzi wale walikuwa wakizaliana, inzi wakapungua, na pamoja na ugawaji wa dawa wagonjwa wapya wa kifafa nao wakapungua.

Pingamizi zito zaidi linahusu utambuzi wa ugonjwa. Utawezaje kumtibu mtu ubongo bila kuuona? Wanaouliza hivyo hudhani kwamba kifafa husomwa kwenye mashine. Ukweli ni kwamba kifafa hutambuliwa kwanza kwa maelezo: mtu alikuwa akifanya nini kabla ya kuanguka, alikakamaa au alilegea, macho yalielekea wapi, upande gani wa mwili ulianza kutikisika, ilichukua muda gani, aliuma ulimi, alijikojolea, alizinduka akiwa amechanganyikiwa au akiwa timamu. Kwa kuwa mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakumbuki lolote, shahidi ni aliyekuwa karibu naye. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, ambacho Mjerumani Hans Berger alikitangaza mwaka 1929, kinasaidia kujua aina ya kifafa, lakini mtu mwenye kifafa anaweza kupimwa akaonekana sawa kabisa, na asiye nacho akaonekana ana kasoro. Siku hizi video iliyochukuliwa kwa simu ya mkononi wakati mtu ameanguka inampa daktari ushahidi ambao mashine hiyo huenda isiupate siku ya kipimo. Nakubali kwamba picha za kichwa zina nafasi isiyozibika. Mayai ya tegu la nguruwe, yanapomezwa kupitia chakula au maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo, yanaweza kujenga vifuko ndani ya ubongo, na bila picha ya CT au MRI ni vigumu kuvijua kwa uhakika. Utafiti wa Andrea Winkler na wenzake katika hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, ulihitaji wagonjwa wapigwe picha za namna hiyo. Mwenye dalili za upande mmoja wa mwili, mwenye maumivu ya kichwa yanayozidi, au ambaye dawa zimemshinda, anastahili picha. Wengine wote wasiambiwe wangoje mashine ndipo waanze dawa.

Dawa zenyewe zilikwisha kupimwa hapa kwetu. Mwaka 1991 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika Nakuru, Kenya, ambapo wagonjwa 302 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa fenobabitoni na wengine kabamazepini, wakihudumiwa na wahudumu wa afya ya msingi. Dawa hizo mbili zililingana. Kati ya waliomaliza mwaka mzima, asilimia 53 hawakuanguka hata mara moja katika miezi sita ya mwisho, na wengine wengi walipungukiwa na kuanguka kwa zaidi ya nusu. Wengi wao walikuwa wameishi na kifafa miaka kadhaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo.

Kuna wanaosema, na wanasema kwa uchungu unaoeleweka, kwamba kumpa mwanakijiji dawa ya mwaka 1912 ni kumwambia kwamba maisha yake yana thamani ndogo kuliko ya mgonjwa wa Ulaya. Fenobabitoni ina madhara yake: humfanya mtu asinzie, huweza kumvuruga mtoto tabia na kumzuia kumakinika darasani, na ikikatizwa ghafla huweza kuleta degedege la kutisha. Lakini dawa mpya pia zina yake. Valproeti, inayotumika sana mijini, ni hatari kwa mtoto aliye tumboni, na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hapaswi kuanzishiwa bila kuelezwa hilo waziwazi. Dharau kubwa kwa mwanakijiji ni kumwacha bila dawa yoyote. Shirika la Afya Duniani linasema robo tatu ya wenye kifafa katika nchi maskini hawapati matibabu wanayohitaji, ingawa gharama ya dawa hizi kwa mgonjwa inaweza kuwa dola 5 tu za Marekani kwa mwaka. Fenobabitoni imo pia katika orodha ya kimataifa ya dawa zinazodhibitiwa chini ya mkataba wa mwaka 1971, na taratibu za kuiagiza huongeza ugumu wa kuifikisha zahanati. Mgonjwa aliyetembea kilometa nyingi akakuta kopo tupu hatarudi mara ya tatu. Atakwenda kwa mganga wa jadi, ambaye yuko karibu na ana muda wa kumsikiliza. Nisingemlaumu. Ningependa mganga huyo afundishwe kumpeleka mgonjwa zahanati, na zahanati iwe na dawa siku atakapofika.

Kwa hiyo wizara za afya zinapopanga bajeti ya magonjwa ya ubongo, fungu la kwanza liende kwenye dawa zisizokatika, mafunzo ya wahudumu wa zahanati, na watafiti wanaorudi kijiji kilekile mwaka baada ya mwaka. Na wewe msomaji, ukimkuta mtu ameanguka, usimtie kijiko mdomoni wala usimshike kwa nguvu. Mwondolee vitu vya hatari, ukiweza mgeuze ubavu, na degedege likipita dakika tano mkimbize hospitali. Povu lake haliambukizi. Kama nyumbani kwenu yupo mwenye tatizo hili, mpelekeni zahanati akiwa na mtu aliyemwona akianguka, na akianza dawa msimwache aikatize bila kauli ya mhudumu.