Jinsi ya kutambua kiini cha tatizo tovuti inaposhindwa kufikia hifadhidata

UJUMBE kwamba tovuti imeshindwa kuunganishwa na hifadhidata ni miongoni mwa jumbe zinazowakosesha usingizi wasimamizi wa tovuti. Ukurasa uliokuwa ukionyesha karo ya wanafunzi, akiba ya wanachama au bei za bidhaa hubaki mtupu, simu za wateja huanza kulia, na aghalabu fundi hukimbilia kubadilisha hiki na kile akitumaini kuwa mojawapo ya mabadiliko hayo litaleta afueni.

Pupa hiyo yaweza kuzaa hasara kubwa kuliko hitilafu yenyewe. Tovuti iliyozimika kwa saa moja huwaudhi wateja, lakini seva iliyoachwa wazi katika harakati za kuifufua tovuti huwaanika wateja hao pamoja na majina yao, nambari zao za simu na rekodi zao za malipo. Haya hutokea ilhali mfumo wenyewe huwa umekwisha kueleza, kwa nambari na maneno machache, ni wapi mawasiliano yalikatikia.

Tovuti nyingi, zikiwemo zile zilizojengwa kwa WordPress, huendeshwa kwa lugha ya PHP, iliyotolewa kwa umma na Rasmus Lerdorf mnamo 1995. Data zake huhifadhiwa katika MySQL, mfumo uliobuniwa nchini Sweden na ambao sasa unamilikiwa na kampuni ya Oracle, au katika MariaDB, tawi lililochipuka kutoka kwa MySQL mnamo 2009.

Msomaji anapofungua ukurasa, skripti ya PHP iliyo kwenye seva hubisha hodi kwa hifadhidata ikiwa imebeba mambo matano: anwani ya mashine, nambari ya mlango (kwa kawaida 3306), jina la mtumiaji, nywila, na jina la hifadhidata inayotakiwa. Safari hiyo ina vituo vinne. Kwanza mashine ipatikane na mlango uitike; pili pawe na nafasi; tatu mgeni atambuliwe; na nne aonyeshwe chumba anachokitaka. Mgeni aliyezuiwa langoni hawezi kulaumu chumba alichonuia kulala. Vivyo hivyo, fundi anapaswa kujua kwanza safari ilikomea kituo kipi kabla ya kugusa chochote.

Nambari 2002 na 2003 humaanisha kwamba safari ilikomea kituo cha kwanza, kwa hivyo nywila haina hatia na kuibadilisha ni kupoteza wakati. Maneno yanayofuata nambari hiyo ndiyo yanayopambanua mambo. Ikiwa ombi limekataliwa papo hapo, mara nyingi mashine imepatikana ila hakuna programu inayosikiliza kwenye mlango huo: huenda hifadhidata imezimika au inatumia mlango mwingine. Ikiwa ukurasa umening'inia kwa sekunde nyingi kabla ya kukata tamaa, mshukiwa wa kwanza ni ukuta wa kinga unaomeza maombi bila kuyajibu, au anwani isiyo sahihi. Na iwapo ujumbe unasema jina la mashine halijulikani, basi jina hilo limeandikwa vibaya au huduma ya majina ya mtandao ina kasoro.

Kuna utata mmoja unaowakanganya hata waliobobea. Kwenye mashine za Linux, skripti ikiandikwa 'localhost', PHP haipitii mlango wa 3306. Badala yake hutafuta faili maalumu iitwayo soketi ndani ya mashine hiyo hiyo. Ikiandikwa 127.0.0.1, hupitia mlango. Kwa hivyo, ujumbe wa 2002 unaodai kwamba faili haipo una maana mbili tu za kawaida: ama hifadhidata imelala, ama soketi iko mahali tofauti na pale PHP inapoitafuta. Fundi akiweka 127.0.0.1 na ukurasa ukafunguka, atajua kuwa hifadhidata i hai na kwamba kinachohitaji kurekebishwa ni njia ya soketi. Wanaotumia kontena za Docker nao wakumbuke kuwa ndani ya kontena, 'localhost' ni kontena lenyewe, wala si mashine inayolibeba.

Hifadhidata ikipatikana imezimika, haitoshi kuiwasha tena na kwenda zako. Diski iliyojaa huweza kuizuia isiwake kabisa. Kadhalika, kumbukumbu ya mashine inapokwisha, Linux huua programu mojawapo ili kujinusuru, na hifadhidata, kwa kuwa hutumia kumbukumbu nyingi, huwa mhanga wa mara kwa mara. Asiyechunguza sababu ataiwasha leo na kuikuta imezimika tena kesho.

Nambari 1040 ni kilio cha nyumba iliyojaa. MySQL, isipobadilishwa, huruhusu miunganisho 151 kwa wakati mmoja. Wengi huharakisha kuongeza idadi hiyo, lakini kila muunganisho hula kumbukumbu, na ongezeko la kiholela hurejesha tatizo la seva kuishiwa na nguvu. Inafaa kwanza kutazama orodha ya maombi yanayoendelea. Si ajabu kupata kwamba ombi moja zito, lililoandikwa bila faharasa, limewashikilia wageni wote kwenye foleni.

Nambari 1045 ndiyo maarufu zaidi, na ndiyo inayosomwa vibaya zaidi. Hapa hifadhidata imefikiwa, ina nafasi, ila imekataa kumtambua mgeni. Ujumbe wake hutaja jina la mtumiaji, mahali anapotoka kwa mtazamo wa hifadhidata, na iwapo alikuja na nywila au la. Ukisema hakuna nywila iliyotumika ilhali fundi ana hakika aliiandika, basi skripti haikusoma faili ya mipangilio ipasavyo. Na ukitaja jina geni, pengine skripti inasoma faili ya zamani.

Mahali anapotoka mtumiaji pia ni muhimu. MySQL humtambua mtu kwa jina pamoja na mashine anakotokea. Akaunti ya 'duka' inayoruhusiwa kutoka 'localhost' si ile ile inayoruhusiwa kutoka seva nyingine, hata majina na nywila zikifanana. Ndiyo maana tovuti iliyofanya kazi vyema kwa miaka hukataliwa siku inapohamishiwa kwenye mashine mpya.

Nambari 1044 na 1049 huhusu kituo cha mwisho. Ya kwanza husema mtumiaji hana ruhusa ya kuingia katika hifadhidata aliyoitaja. Ya pili husema hifadhidata hiyo haipo. Wanaotengeneza tovuti kwenye Windows na kuzihamishia Linux huathirika mno na hili, kwa sababu kwa kawaida Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. 'Shule' na 'shule' ni hifadhidata mbili tofauti.

Kuna pia makosa yanayojifanya ya mawasiliano. Skripti kuukuu zinazotumia maagizo ya kale ya MySQL, yaliyoondolewa katika PHP 7.0 mnamo Desemba 2015, huvunjika hata kabla ya kubisha hodi. Seva ya MySQL 8.0, iliyotolewa rasmi 2018, ilikuja na njia mpya ya kuthibitisha nywila ambayo matoleo ya kale ya PHP hayaielewi. Nambari yake ni 2054. Dawa ya yote mawili ni kuboresha programu, wala si kutafuta nywila nyingine.

Njia ya haraka ya kutenganisha mambo haya ni kuiacha skripti kando. Fundi aingie katika mashine inayoendesha tovuti, kisha atumie programu ya amri ya MySQL kujaribu kuingia kwa anwani, jina na nywila zile zile zilizo kwenye skripti. Akifaulu, kosa limo ndani ya skripti au mipangilio ya PHP. Akishindwa, skripti haina lawama, na nambari atakayoiona itamwelekeza kwenye kituo husika.

Msaada huo hukosekana pale mtengenezaji anapozima maonyo ya PHP kwa alama ya '@' ili ukurasa uonekane nadhifu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini kuyaanika makosa mbele ya kila mgeni nako ni hatari. Kabla ya PHP 8.2 ya Desemba 2022, kosa ambalo halikushughulikiwa lingeweza kuchapisha kwenye ukurasa jina la mtumiaji pamoja na nywila. Mpangilio ufaao kwa tovuti iliyo hewani ni kuzima uonyeshaji wa makosa kwa umma, kuyaandika yote katika faili ya kumbukumbu ya seva, na kumwonyesha mgeni ujumbe mfupi wa kuomba radhi.

Yapo marekebisho matatu ambayo huponya hitilafu upesi na kualika balaa. La kwanza ni kuipa tovuti akaunti ya 'root', yenye mamlaka yote juu ya kila hifadhidata iliyomo. La pili ni kuruhusu akaunti iingie kutoka mashine yoyote duniani. La tatu ni kuufungua mlango wa 3306 kwa intaneti nzima, eti kwa majaribio, kisha kusahau kuufunga.

Hofu hii haikubuniwa. Mnamo Februari 2017, wadukuzi walivamia seva za MySQL zilizokuwa zikifikika kupitia intaneti, wakafuta data na kuacha ujumbe wa kudai bitcoin 0.2. Mnamo Mei 2022, shirika la Shadowserver Foundation lilitangaza kuwa lilikuwa limepata zaidi ya seva milioni 3.6 za MySQL zilizoitikia hodi kutoka intaneti.

Nchini Kenya, uzembe wa aina hii una uzito wa kisheria. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humtaka anayesimamia data kumfahamisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua kuwa taarifa za watu zimefikiwa na wasioidhinishwa, iwapo kuna hatari ya kweli ya watu hao kudhurika. Chama kidogo cha akiba na mikopo chenye tovuti ya kuonyesha salio za wanachama hakiwezi kujitetea kwamba fundi alikuwa na haraka.

Kwa hivyo, fundi anayeitwa usiku wa manane aanze kwa kuinakili nambari ya kosa pamoja na maneno yake yote. Abadilishe jambo moja kwa wakati, ajaribu, na kulirejesha lilivyokuwa lisipozaa matunda. Akaunti ya tovuti ipewe ruhusa zinazohitajika tu, na kutoka mashine inayojulikana tu. Na kabla ya kurudi kulala, ahakikishe kwamba kila mlango alioufungua kwa ajili ya majaribio umefungwa.